Ghorofa ya Keynan

Ndugu yangu Peterson aliuawa Garissa mwaka wa 1966 na maiti yake haikurudi nyumbani. Ofisini kwa serikali waliniambia shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, ndio waliomuua. Nikapanda lori la unga katika msafara uliosindikizwa na askari, nikaenda kuchukua mifupa yake nimzike Meru, kando ya baba. Mama hakutaka kitu kingine.

Peterson alikuwa fundi wa mawe. Tajiri mmoja, Keynan, alimwita ajenge hoteli ya ghorofa nne, ndefu kuliko chochote mjini. Vita vilipopamba moto Keynan akakimbilia Kismayu, mafundi wakatawanyika. Peterson alibaki kulinda saruji.

Mlinzi mwenzake, mzee Warfa, ndiye aliyenitembeza. Chini mlikuwa na mbuzi. Ngazi hazikuwa na pa kushika, na mbao za jukwaa zilikwisha kuwa kuni.

"Bole bole, Mmeru," alisema. "Ukianguka mimi hapana beba. Nyinyi watu ya Kenya nakula sana."

"Kwani hapa si Kenya?"

"Kenya iko ng'ambo ya mto. Hapa umekuja nchi ya watu. Fuata mguu yangu."

Ghorofa ya tatu ilikuwa na kuta nusu. Ya nne haikuwa na kuta wala paa, ni sakafu tu, na vyuma vilivyosimama vikishika kutu. Kule chini niliuona mto Tana na kizuizi cha askari barabarani.

"Alikuwa analala hapa," Warfa alisema. "Nilimwambia lala uani na sisi, kwa mkeka. Akasema joto, huku juu iko upepo. Suruali pia akaacha. Akafunga macawis yangu."

Macawis ni shuka ambayo wanaume wa huko hufunga kiunoni.

"Ndipo shifta wakamwona?"

"Shifta gani? Askari yenu. Saa ya kafyu, mtu iko juu ya nyumba, amefunga macawis. Wakasema huyo ni shifta, anachunga barabara. Wakabiga risasi."

Nilikaa pale sakafuni.

"Hawakuuliza jina?"

"Maiti naulizwa jina?"

Walikataza asizikwe. Atakayemzika, walisema, ni mwenzake. Warfa alimzika kwa siri nyuma ya jengo.

"Sala yenu sijui," aliniambia. "Nikasoma yetu. Lakini nimemwosha fizuri, walaal, kama ndugu."

Tulishuka. Nilikuwa na jembe na gunia. Akanionyesha mahali.

"Chimba. Ni wako. Lakini kwa kizuizi watafungua gunia, watauliza nani alizika."

"Nitasema sijui."

"Sasa kaburi uliona aje? Ulinusa?"

Nilisimama juu ya kaburi lile lisilo na msalaba mpaka dereva akapiga honi. Sikuchimba.

Mama nilimwambia ukweli. Hakulia mbele yangu. Aliuliza tu kama kaburi lina kivuli, nikamwambia halina.

Keynan alipoteza jengo. Ngamia wa Warfa, wote kumi na mmoja, walipigwa risasi na askari kisimani, adhabu ya kuishi karibu na mtu waliyemwita shifta. Mama alipoteza mwana mmoja, na kaburi moja ambalo hatalifikia.