Salamu za Daktari

Katika kanisa lile mwanamke alikuwa haruhusiwi kuhubiri, ila aliruhusiwa kutoa salamu. Mahubiri yalitolewa juu, mimbarini. Salamu zilitolewa chini, pembeni ya maua, kwa kipaza sauti chenye waya mfupi kiasi kwamba mtu mrefu alilazimika kuinama kama anayetafuta sindano. Mahubiri yaliisha pale Roho alipopenda, na Roho hakuwa na haraka. Salamu zilikuwa dakika tano. Mwanamume asiyejua kitu akipanda juu aliitwa mtumishi. Mwanamke anayejua kila kitu akisimama chini alikuwa mgeni anayepiga hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Aliyekuwa amechoka kupiga hodi ni Daktari. Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa wa vitabu. Alifundisha Agano Jipya katika chuo cha wachungaji kilichopakana na kanisa, na Kigiriki alikijua hadi cha kugombana. Alikuwa ameandika kitabu kinene juu ya wanawake wa Maandiko, ambacho wachungaji wengi walikuwa wamekipinga na wachache walikuwa wamekifungua. Wanafunzi wake wote walikuwa wanaume. Aliwafundisha, akawafelisha, akawarudisha darasani, akawafundisha tena, kisha akasimama nyuma ya ukumbi kuwapigia makofi wakipewa kibali cha kuhubiri, kile ambacho yeye hakuwa nacho na hangepewa.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilimuudhi tu. Mwaka ule likataka kumtoa kazini. Bodi ya chuo ilipitisha kwamba kuanzia muhula ujao hakuna atakayefundisha wachungaji bila kibali cha kuhubiri. Hawakutaja jina la mtu. Haja ilikuwa wapi? Walimu wengine wote walikuwa nacho, hata yule wa muziki, aliyewahi kuhubiri mara moja maishani na kusahau alichokuwa anasema kabla wasikilizaji hawajasahau.

Mwalimu wa Kiebrania, ambaye meza yake ilitazamana na ya Daktari na waligombania birika moja la chai, alimshauri awe mpole na aombe.

"Nimwombe nani?" Daktari akauliza.

"Mungu."

"Mungu hana tatizo na mimi. Na tena hayumo kwenye bodi."

Mwalimu wa Kiebrania akatazama mlango, asije akawa amesikika akicheka.

Dawa Daktari aliipata kwenye katiba ya kanisa, katika kifungu cha zamani kilichotungwa kwa ajili ya wahubiri wa mitaani. Mtu akikamatwa amehubiri bila kibali, kifungu kilisema, apelekwe mbele ya baraza la nidhamu. Ikithibitika alihubiri kweli, baraza halina hiari: lazima apandishwe mimbarini ajaribiwe. Akionekana anafundisha upotofu, afungwe mdomo maisha yake yote. Usipoonekana upotofu, apewe kibali. Kwa maneno mengine, mlango wa waadilifu ulikuwa umefungwa kwake, lakini wa wakosaji ulikuwa wazi. Basi Daktari akaamua kukosa.

Kukosa nako kukamshinda. Alipopewa nafasi ya kusalimia, dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa nusu saa. Akafafanua, akauliza maswali, akakemea, akaita watu watubu. Waumini wakaitikia amina, wakatoka nje wakamshika mkono: salamu nzuri sana, Daktari, Jumapili nyingine utusalimie tena. Mwenyekiti wa baraza la nidhamu, mchungaji mkuu mwenye tumbo la heshima na sauti ya redio, alikaa kiti cha mbele akitabasamu. Daktari ndiye aliyemfundisha, na mwanafunzi huyo hakuwa mjinga. Kile kifungu alikijua, na alijua mwanamke huyu anaelekea wapi. Kila ibada ilipoisha alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Tunashukuru kwa salamu." Katibu wake, mchungaji kijana, alikuwa akiitikia kwa kichwa hata kabla mkubwa wake hajamaliza.

Muhula ukawa unakata roho, na mshitaki hapatikani.

Ndipo ikaja Jumapili ya wale wanaume kumi na mmoja. Daktari aliinamia kipaza sauti, akasema anawaletea salamu kutoka kaburini. Akasimulia asubuhi ile ya ufufuo: wanawake wameamka, wamekwenda, wameona, wamerudi mbio na habari kubwa kuliko zote. Wanaume je? Wamejifungia ndani, wote kumi na mmoja, wakaunda kikao. Wakaijadili taarifa ya akina mama, wakaazimia kwamba ni upuuzi. "Hilo ndilo baraza la kwanza la nidhamu katika historia ya kanisa," akasema, "na mnajua lilivyokosea. Mmoja wao tu aliona aibu akaenda kuhakikisha. Wengine walibaki kwenye ajenda." Kisha akageuza kibao. Akasema lakini na ninyi mnaocheka, kila mmoja ana mlango aliojifungia kwa sababu aliyebisha si yule aliyemtaka. Nendeni mkaufungue leo. Msisubiri kikao.

Kanisa lilicheka, halafu kila mtu akatazama viatu vyake. Mwenyekiti alitabasamu kwa shida, akashukuru kwa salamu.

Mtu mmoja hakucheka. Kwenye safu ya tatu, kitambaa cheupe kichwani kimenyooka kama karatasi, alikaa mwenyekiti wa umoja wa wanawake, ambaye ndiye mama mzazi wa Daktari. Mama aliamini kwamba mwanamke anaweza kuendesha kanisa zima, mradi asionekane akifanya hivyo. Alikuwa amevumilia masomo ya bintiye, kitabu chake, viatu vyake vya kelele. Lakini kuwafanyia mitume mzaha, hadharani, mbele ya wageni! Kesho yake alikuwa ofisini kwa Mwenyekiti. Alipokaribishwa kiti alikataa. Akashitaki akiwa wima: mtoto wake amehubiri bila kibali, na anataka kanisa limtie adabu.

Mwenyekiti alijaribu kumtuliza, akamwita mama yetu, akamwambia haya ni mambo ya kifamilia. Mama akamuuliza tangu lini umoja wa wanawake ni familia yake. Kwa katiba ileile, shauri la kiongozi wa umoja halikataliwi. Mwenyekiti akapanga siku huku ameshika kichwa.

Wito ulipomfikia Daktari, Mwalimu wa Kiebrania alimwona akiusoma mara mbili na kuanza kucheza katikati ya viti. Alipokumbuka kwamba anapaswa kuhuzunika, akakaa.

Baraza lilikutana katika chumba cha nyuma ya madhabahu, katikati ya majoho yaliyotundikwa na viti vya plastiki vilivyobebana hadi darini. Wachungaji watano, wote wamepita mikononi mwa Daktari darasani, wakakaa upande mmoja. Mama na binti wakakaa upande mwingine bila kutazamana.

Mwenyekiti hakupoteza muda. Alisema wamelichunguza shauri, wameona dada yetu alizidisha salamu kidogo, basi aonywe kwa upendo ili wafunge kwa sala. Katibu alikwishafumba macho.

"Mimi nakiri kosa," Daktari akasema. "Nilihubiri."

"Huwezi kukiri kosa ambalo sisi hatulioni," akajibu Mwenyekiti, na macho yao yakakutana. Alichopanga binti kilijulikana, na kimezuiwa. Baada ya sala ile angetoka pale msafi, asiye na hatia wala kazi.

Lakini Mama alikuwa hajafumba macho.

"Subiri kidogo, mwanangu," akamwambia Mwenyekiti. "Unasema hazikuwa mahubiri?"

"Zilikuwa salamu, mama. Ndefu, lakini salamu."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Hapana, mama, ila pengine hukuelewa vizuri…"

Hapo ndipo alipokosea. Mtu mwingine yeyote angemwambia Mama hivyo bila madhara. Mchungaji, hapana. Mama aliwasikiliza wachungaji tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na wengi wa hawa watano aliwahi kuwatengenezea uji walipokuwa wanafunzi wenye mashati ya kuazima.

"Nisielewe nini?" akauliza taratibu. "Mahubiri nayajua. Mahubiri yako wewe nayajua pia, huwa nayamaliza kichwani kabla hujayamaliza, nabaki nakungoja. Huyu alichukua neno, akalifungua, akatuchoma nalo. Unajua mimi na wifi yangu hatukuwa tunasemezana tangu mazishi ya mume wangu? Aliyebisha mlango wangu miaka yote ni yeye, na mimi nanyamaza ndani kama sipo. Jumapili ile nilitoka hapa na hasira zangu, nikajikuta niko kwake, nalia kwenye kochi lake. Salamu gani hiyo? Nimesalimiwa maisha yangu yote, sijawahi kulia kwenye kochi la mtu. Amehubiri. Muandike amehubiri. Na mumwadhibu."

Katibu alikuwa ameandika kabla hajaambiwa.

Daktari alimtazama mama yake. Habari ya wifi hakuwa nayo. Alikuwa amekuja na hoja zake zote zimepangwa, na sasa alizisahau.

Mwenyekiti alijipangusa shingo. Kumkanusha Mama kungemgharimu umoja mzima wa wanawake, ambao ndio uliopika, uliofagia, ulioimba na uliojaza viti. Akatangaza kwamba imethibitika. Halafu, kwa kuwa naye hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, akaongeza kwamba jaribio litafanyika sasa hivi, bila maandalizi, na mlalamikaji ashuhudie.

Wakaingia kanisani. Daktari akapanda ngazi za mimbari kwa mara ya kwanza maishani. Kutoka huko juu kanisa lilikuwa kubwa kuliko alivyolijua, na wale watano walionekana wadogo kwenye safu ya mbele, kila mmoja na kalamu. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mwanamke aliyezungumza katika kumbi za wasomi bila kumeza mate alishika ukingo wa mimbari. Mwenyekiti akaanza kufunga kalamu yake.

"Sema sasa," Mama akasema kutoka chini. "Kule kwenye maua si ulikuwa unajua kusema?"

Akasema. Hakugusa kaburi wala mitume. Alihubiri juu ya mama aliyekwenda kwa wifi yake akiwa na hasira, na jinsi Mungu asivyosubiri mtu apoe ndipo amtumie. Mama alitazama dirisha muda wote, kitambaa cheupe kikitetemeka.

Baada ya hapo wachungaji watano wakakaa kutafuta upotofu. Walitafuta kwa bidii. Tatizo ni kwamba kila aliyefumbua mdomo kutaja kosa alikumbuka alikofundishwa jambo hilo, na nani aliyemfundisha, na kwamba yeye mwenyewe hulihubiri. Katibu akainua mkono wa kwanza kuunga kibali. Watatu wakafuata, wakitazamana kama walioiba pamoja. Wa Mwenyekiti ukapanda mwisho, polepole, kama mtu anayejikuna sikio.

Nje, penye geti, Daktari alitaka kumkumbatia mama yake.

"Usinishike, bado nimekasirika," Mama akasema. "Mwanamke hana kazi kule juu. Hilo sijalibadilisha."

"Nimesikia, Mama."

"Na ilikuwa ndefu."

"Ndiyo, Mama."

Wakatembea. Walipofika kwenye njia panda Mama hakugeukia nyumbani, akaendelea kwa wifi yake, ana kitu cha kumsimulia.