Kesi ya Ndizi Mbivu

Friji ya Anti Kalunde ilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Anti pamoja na rozari. Pale mtaani Mumbuni hiyo haikuwa friji tu; ilikuwa hazina kuu ya taifa. Chochote kilichotoka sokoni kiliingizwa humo: sukuma wiki, dania, ovakado, ndizi mbivu, vyote vikabanana kama wanafunzi kwenye foleni ya githeri. Kisha kufuli ikapigwa. Na kila mara, kabla wiki haijaisha, sukuma ilitoka manjano na dania ikatoka uji.

"Nani alifungua friji yangu?" Anti aliuliza.

"Anti, ufunguo uko shingoni mwako," Ndinda akajibu.

"Usinijibu na hiyo Kiswahili ya shule! Mmeachilia baridi ikatoka."

Hivyo ndivyo Ndinda, mwanafunzi wa bweni aliyekuja kwa Anti likizo, alivyohukumiwa bila kusikizwa. Kweli, alikuwa na rekodi. Juzijuzi tu alikuwa amemvisha jogoo wa Anti soksi. Lakini sukuma hakuigusa.

Jambo lilikuwa zito, kwa maana Jumapili jumuiya ya kanisa ingesali pale. Akina mama wa jumuiya hawangojei kupakuliwa. Kila mmoja huja na kisu chake, akaketi jikoni na kukata mboga, kwa hivyo hakuna jani linaloweza kujificha. Mara ya mwisho, Mama Masila aliinua jani moja mbele ya umma akamuuliza Anti, "Mama Jeff, hii ni sukuma ama ni maua ya altare?" Tangu siku hiyo Anti hakuwa na amani.

"Ikiharibika tena," Anti akatangaza, "unaenda Konza kwa mjomba wako Kimeu. Utachunga mbuzi mpaka shule zifunguliwe."

Ndinda hakuwa na ugomvi na mbuzi. Ila kwa mjomba Kimeu hakukuwa na stima, na mjomba mwenyewe alizungumza mvua ikinyesha tu.

Bahati nzuri, mshukiwa alimjua. Bwenini, Winfred wa kitanda cha juu aliwahi kuficha ndizi mbivu ndani ya sanduku lililojaa ovakado ngumu za kumfikisha katikati ya muhula. Ovakado zote zililainika kwa mpigo mmoja, na bweni zima likazila hadi likazichukia. Ndizi ikiiva haitaki kuiva peke yake.

"Anti, naomba majani machache ya sukuma na ndizi moja."

"Ya kula?"

"Ya kushtaki."

Alichukua sufuria mbili zenye vifuniko. Katika moja aliweka majani matupu. Katika nyingine, majani na ndizi. Akazifunika, akaziacha siku tatu. Alhamisi asubuhi alijifunga taulo nyeupe kichwani, akagonga meza kwa mwiko.

"Mahakama isimame!"

"Nisimame na goti hili?"

"Wewe ni shahidi, Anti. Kaa."

Sufuria ya kwanza ikafunuliwa: majani mabichi, kijani kibichi. Ya pili ikafunuliwa: ndizi imejilaza kama chifu, na majani yameizunguka yakiwa manjano.

"Asi!" Anti akashika shavu. "Hii ndizi ni mchawi?"

"Inatoa hewa fulani ikiiva. Hewa hiyo ndiyo inazeesha majani. Wewe unaifungia na sukuma chumba kimoja, halafu unapiga kufuli."

Anti aliushika ufunguo wake shingoni.

"Kwa hivyo mwizi nilikuwa namfungia ndani."

"Ndani kabisa."

"Lakini soksi za jogoo ni wewe."

"Soksi ni mimi."

Siku hiyo hiyo Anti alishuka sokoni, maana ukingoja Jumamosi mboga nzuri zote zimeshakwenda Nairobi. Safari hii Ndinda ndiye aliyetoa amri. Ndizi na ovakado zilipelekwa uhamishoni, kwenye kikapu cha sebuleni. Sukuma haikuoshwa, ilifungwa kwa leso safi, ikaingia friji bila majirani wabaya. Dania ilisimamishwa kwenye glasi ya maji kama bibi harusi. Ijumaa Ndinda alimkuta Anti akinyemelea friji na mkungu mzima wa ndizi.

"Anti!"

"Mkono umezoea, mwiitu, binti yangu. Ni mkono, si mimi."

Jumapili akina mama walifika na visu vyao. Mama Masila alifungua leso mwenyewe. Alipekua juu, akapekua chini. Akakunja jani moja, likavunjika: kwa!

"Mama Jeff, umevuna saa hii?"

"Nilinunua Alhamisi."

Visu vilisimama.

"Alhamisi gani?"

"Hii iliyopita. Kwani kuna ingine?"

Anti alinyoosha shingo mpaka rozari ikaonekana yote. Ndinda alichungulia kutoka mlangoni. Sifa zilikuwa karibu kumpita na kumwacha hapo hapo. Lakini Anti alimwelekezea kisu.

"Mwalimu wangu ni huyu. Nilimsingizia, kumbe ndiye mwenye akili."

Mama Masila akaweka kisu chini, akapunguza sauti.

"Mwiitu, kesho pitia kwangu. Dania yangu inakufa kila wiki, nimekuwa nikiificha tu."

"Atakuja akipata nafasi," Anti akadakia. "Huyu ana shughuli nyingi."

Wakati wa kula, Anti alichota firigisi, ambayo tangu enzi za mababu haijapata kutua kwenye sahani ya msichana, akaiweka juu ya ugali wa Ndinda mbele ya jumuiya nzima. Ndinda alisimama, akaliinamia kusanyiko, akaketi, na akaitafuna polepole sana, kwa heshima zote zinazostahili.