Maziwa ya Kidoti

Mume wangu aliposema tuweke mahema ya wapenzi malishoni, nilimcheka hadi mbavu zikaniuma. Nani aache kwake penye paa na mlango aje kulala kwenye turubai, aamshwe na mbuzi? Wakaja. Wanakuja wawili wawili, wanashikana mikono hata wakikanyaga samadi. Tukawawekea vitanda vyenye mito mpaka huoni pa kulala, na hori kuukuu la ng'ombe tukaligeuza la kuogea. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Kinachowaleta hasa ni kukamua. Mke anashika chuchu, mume anapiga picha, kisha wanakunywa maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Na anayevumilia vidole vya wageni ni mmoja tu, Kidoti. Wengine ukiwagusa vibaya utaokota meno chini.

Wiki moja Kidoti alitupa mimba. Daktari wa mifugo alimpima, akavua glavu, akatuambia bila kupindisha maneno.

"Mpaka majibu yatoke, maziwa yote chemsheni. Ya huyu mwageni. Na mama mjamzito asimsogelee kabisa, anaweza kupoteza mimba yake."

"Tumekusikia, daktari," mume wangu akasema. Tukakubaliana wageni waambiwe Kidoti amepumzishwa.

Ijumaa jioni likaja gari la mke na mume. Mimi nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyewapokea. Asubuhi nikawapelekea chai mbele ya hema lao.

"Shikamoo, mama," yule dada akasema.

"Marahaba, mwanangu. Au unywe kahawa?"

"Kahawa nimekatazwa." Akamtazama mumewe, wote wakacheka kama watoto walioficha kitu. Kisha akaninong'oneza, "Miaka tisa, mama. Tulishakata tamaa. Hata mama mkwe hatujamwambia."

Nilifurahi kama vile ni mwanangu wa kumzaa. Nikamshika bega.

"Hongera sana. Basi zizini usiende, tafadhali. Kuna ng'ombe anaumwa, na ugonjwa wake ni mbaya kwa mimba. Maziwa haya ya kwenye chai usiyaogope, nimeyachemsha mwenyewe."

Tabasamu lake likafifia. "Ng'ombe gani?"

"Anaitwa Kidoti."

"Kidoti si ndiye tuliyemkamua jana jioni?" Akamgeukia mumewe, akanirudia mimi. "Mzee alisema huyo ndiye mpole wao. Nilikunywa vikombe viwili."

Mume wangu alikuwa hatua chache kutoka pale, anapanga kuni chini ya hori la kuogea. Alikuwa amesikia kila neno.

"Wewe mwanaume! Umefanya nini?"

"Wametoka mbali kwa ajili hiyo hiyo," akasema, bila kuinua macho. "Wale wengine wangewapiga mateke. Nami ningejuaje kama ana mimba?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Wangu nalala naye kitanda kimoja. Nilimchukia pale pale, mbele ya wageni, wala sikujali nani ananiona.

Mume wa yule dada alikuwa ameshakimbilia gari, anapapasa mifuko akitafuta ufunguo. Nikawa nasema hospitali wawaambie kila kitu, kuna dawa, waende sasa hivi. Sijui kama yule dada alinisikia. Alibaki kwenye kiti, mikono yote miwili tumboni, ananitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima pale.

"Mama," akaniuliza, "nikitapika sasa hivi, si itasaidia?"