Boksi la Chumbani

Mlinzi wa ghala alirudi nyumbani asubuhi ile hana hali. Miguu mizito kama ya kuazima, macho mekundu, na moyoni ana neno aliloambiwa wakati wa kukabidhi lindo. Msimamizi wa zamu kamkuta amesinzia kwenye kiti, na kamwambia taratibu tu, bila kupandisha sauti, kwamba akimkuta hivyo tena, unga umemwagika. Na msimamizi yule si mtu wa maneno mengi. Akisema kasema.

Sasa utauliza, mtu anayeshinda kitandani mchana kutwa anasinziaje kazini? Ndiyo hapo. Yuko kitandani lakini halali. Nyumba yao ni sebule na chumba kimoja cha kulala, na watu wa kampuni ya intaneti walipokuja kufunga mtandao, waya waliupitisha kwenye ukuta wa chumbani, basi na boksi lao likakaa hukohuko, kwenye rafu juu ya kichwa cha kitanda. Mwenye kazi na huo mtandao ni mkewe. Anafundisha watoto kusoma kwa kompyuta, yeye sebuleni, watoto wako kwao huko mbali, wanaonana kwenye kioo. Kazi nzuri, haina vumbi. Ila boksi likiganda, na watoto wanaganda, midomo wazi, na mama inabidi anyate mpaka chumbani azime, awashe. Maana kila akipiga simu kampuni jibu ni lilelile: zima, subiri, washa. Ananyata kweli, masikini, hata ndala anazivua mlangoni. Lakini mlinzi ni mlinzi. Bawaba ikilia kidogo tu, yeye kashakaa kitako anapapasa tochi.

Kwa kumhurumia, mkewe akanunua rauta yake mwenyewe, kiboksi kingine cha kugawa intaneti. Muuza duka kamwambia hii ina nguvu, iweke sebuleni, ivutie waya kutoka kwenye boksi la kampuni, chumbani hutaingia tena. Mama akapitisha waya chini ya mlango. Akaipa rauta jina lilelile la boksi na pasiwedi ileile, akiona ndiyo vizuri, vyombo vya nyumba moja vipatane. Wapi! Kompyuta mara inashika hili, mara inashika lile, na ikitulia kidogo, boksi la chumbani linaganda, rauta nayo inakosa cha kugawa. Safari za kunyata zikabaki palepale.

Basi asubuhi ile mlinzi alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu hajavua, akamweleza mkewe aliyoambiwa. Hakulalamika. Nguvu za kulalamika angezitoa wapi?

"Mama Watoto," alisema, "leo nisipolala, kazi sina."

Mkewe akawaomba radhi wanafunzi wake, akaahirisha masomo ya asubuhi, akampigia fundi wa mtandao wa mtaani kwao. Fundi mwenyewe ni mwanamke, naye alifika amechoka vilevile, mkoba umemlalia bega. Akamwamkia mlinzi shikamoo, akaomba maji ya kunywa, ndipo akaanza. Rauta ya sebuleni akaitazama, akaguna. Akasema humu ndani mna wenye nyumba wawili, kila mmoja anagawa intaneti kivyake, na jina mmewapa moja, kompyuta itamjuaje wa kumfuata? Kisha akaenda chumbani. Kufika kwenye rafu akaingiza mkono, akautoa upesi kama kashika sufuria.

"Mzee, hili koti ni la nani?"

Koti lilikuwa la mlinzi, lile zito la lindoni. Akaeleza, kwa aibu kidogo, kwamba taa za boksi zinampigapiga machoni, kwa hiyo kila akija kulala analifunika, na leo pia alilifunika alipoingia tu. Fundi akamwonyesha vitundu vya ubavuni. Boksi linapumua hapo, akasema, ukilivika koti linachemka, na likichemka ndiyo linaganda.

Mlinzi akamgeukia mkewe. Kila siku anaingia kuzima na kuwasha, koti halioni?

"Naliona," mkewe akasema. "Nalitoa, nawasha, halafu nalirudisha. Si nilijua taa zinakuumiza?"

Wakatazamana. Mlinzi akataka kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi. Mkewe akaketi kitandani karibu naye, wakawa wawili wanamtazama fundi anavyohangaika.

Fundi alizungumza na kampuni kwa muda mrefu, simu kaibana begani. Wakakubali boksi lao lizimwe waifai, lipitishe intaneti tu, kugawa iwe kazi ya rauta. Taa akazibandika utepe mweusi, vitundu akaviacha wazi. Akaaga.

Mlinzi akajilaza. Chumba giza, kimya. Akabaki macho, maana mwili ulishazoea kusubiri mlango. Ng'ambo ya ukuta mkewe ameanza somo, anasoma mstari, watoto wanaufuata, anasoma mwingine. Mlinzi anasikiliza, anangoja sauti ikatike. Haikatiki. Mstari mwingine. Haikatiki.

Aliposhikwa bega, alishtuka.

"Imekatika tena?" akauliza, macho hayajafunguka.

"Haijakatika," mkewe alisema. "Jua ndilo limeisha. Nimekuita mpaka nimechoka. Amka, Baba Watoto, uende lindoni."