Sahani Saba za Tamima

Sahani ya saba ilikwenda kwa jirani Jumatatu, na hadi Alhamisi ilikuwa haijarudi. Wala ya sita haijarudi, wala ya kwanza.

Tamima alikaa juu ya sanduku la nguo, katikati ya sebule iliyokwisha kufungwafungwa, macho mlangoni. Baada ya alasiri mdogo wake, Harub, angefika hapa Ibra, Omani, na pikapu kutoka mji wa Nizwa kumchukua akaishi kwake. Alikwisha kumkubalia. Lakini moyoni alijiwekea sharti la kitoto: sahani moja tu ikirudi kabla ya pikapu, anabaki. Mwalimu wa kemia, miaka arubaini na moja, anapima maisha yake kwa sahani! Aliona haya, na bado hakuacha kutega sikio.

Kimya ndicho kilichomtisha. Mumewe hakumwacha kwa ugomvi. Alianza kwa kunyamaza, wiki baada ya wiki, mpaka talaka ikaja kwenye simu. Na sasa huyu Hazim wa mlango wa pili, aliyefiwa na mkewe Badria miaka mitatu nyuma. Hupokea mkate wa kumimina, wa mchele uliorowekwa, anaompelekea kila wiki, kwa mikono miwili, hushukuru mpaka akakuchosha, kisha hufunga mlango. Naye kalelewa na mama wa Unguja, anajua fika kwamba chombo cha jirani hurudishwa, na hakirudishwi kitupu. Basi hanitaki, alijisemea Tamima. Au mkate wangu anawapa mbuzi.

Mara akasikia harufu ya kuungua. Moshi mweusi ulikuwa unapanda juu ya ukuta wa ua. Alitoka mbio, abaya imeshika bega moja, akaugonga mlango wa jiko la jirani kwa ngumi mbili.

"Bwana Hazim! U mzima?"

Hazim akafungua, ndevu zimejaa unga. Nyuma yake, mezani, sahani saba zilikuwa zimepangwa safu, zimesuguliwa mpaka zinameta.

"Usiingie, Bi Tamima, wallahi ni fedheha. Kila wiki najaribu kupika cha kuweka juu yake, kila wiki naunguza. Ningevirudishaje vyombo vitupu?"

"Si ungesema!"

"Nilidhani utangoja."

"Miye nikinyamaziwa hufungasha. Harub yuko njiani. Nnahama."

Hazim alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akafungua kabati, akatoa sahani ya maua ya buluu, akaipangusa kwa ncha ya kanzu yake ya dishdasha.

"Ya Badria. Haijatoka humu tangu siku ya maziko." Akaweka juu yake kipande cha mkate, upande mmoja mweusi tititi. "Chukua."

Tamima aliuonja akiwa uani kwake. Chumvi mahali pa sukari. Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Honi ikalia nje. Harub aliingia, akashika sanduku.

"Yallah, dada, jua linakwenda. Na hiyo sahani ya nani? Nipe nimrudishie mwenyewe, twende zetu."

Tamima aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Chombo kitupu?" alisema. "Weka sanduku chini, Harub. Nnakwenda kuroweka mchele."