Jeneza la Bibi wa Mwanasheria

Sisi watu wa mji wa Teshie hatumziki mtu kwenye sanduku tu kama mzigo wa sabuni. Mvuvi anakwenda ndani ya samaki, dereva ndani ya lori lake, muuza vitunguu ndani ya kitunguu kilichopakwa rangi mpaka unatamani kukimenya. Kuchonga majeneza hayo ndiyo kazi yangu, na sioni haya kusema kwamba naiweza. Watu wamekuja karakanani kwangu wakilia, wakasahau kilio kwa kushangaa.

Mteja aliyenitoa jasho kuliko wote ni mama yangu mzazi, Naa Shormeh, muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi ya kuchemsha. Alikuja siku matokeo ya binti yangu Lamiley yalipotoka, mzima wa afya, unga wa mahindi bado umemganda mikononi.

"Laryea, nichongee kitabu," akaniambia. "Kikubwa. Juu ya jalada weka mizani ya mahakama."

"Cha nani?"

"Changu, cha nani tena? Mjukuu wangu anakwenda chuo kikuu kusomea sheria. Unataka nifike kwa wazee wetu ndani ya donge la kenke, kama marehemu Korkor, muuza kenke mwenzangu? Watajuaje kwamba mimi ni bibi wa mwanasheria?"

Kwa desturi, jeneza husema jambo ambalo limekwisha kuwa. Mama aliagiza jambo analolitaka liwe, tena bila kumuuliza mwenyewe. Nami, badala ya kukataa, nikashika randa. Mama yangu hakataliwi, anayebisha ajaribu.

Sasa huyo Lamiley. Tangu anatambaa alikuwa akichezea maranda chini ya meza yangu, na shuleni alifaulu kila kitu, ambayo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Vyuo viwili vilimtaka: chuo kikuu kwa sheria, na chuo cha ufundi cha Kumasi kwa ubunifu wa samani. Moyo wake ulikuwa Kumasi. Vyote vilitaka jibu kabla ya Homowo, sikukuu inayourudisha ukoo wote nyumbani. Na katika nyumba yetu hakuna anayeondoka kuanza maisha bila Naa kumwaga maji mlangoni na kumwombea. Bila maji yale, mtoto asingethubutu kupanda basi.

"Baba, mwambie wewe," alinisihi.

"Mimi? Jeneza liko tayari nusu. Nikimwambia, atakayelala humo ni mimi."

"Baba, wewe mwoga!"

"Sana. Nipe msasa."

Tukaendelea kuchonga kitabu cha uongo, mimi ubavuni, yeye kwenye pembe na kifuniko. Huko sokoni mama alishaanza kuwaonya wateja wanaolalamika kwamba madonge yamepungua: wamngoje wakili wake.

Siku chache kabla ya sikukuu akaja kulijaribu. Alivua ndala, akapanda kwenye stuli, akajilaza humo kwa raha zake zote na kukunja mikono kifuani.

"Hapa pazuri," akasema. "Mabega yamepata nafasi. Wakili wangu, njoo unione nilivyopendeza!"

Lamiley alisogea. Nilimwona anameza mate, nikajua yanakuja.

"Bibi, hiki kitabu kinasema uongo."

"Kinasemaje?"

"Siendi kusoma sheria. Nataka chuo cha ufundi, Bibi. Nataka kutengeneza viti, makabati, meza. Nikisoma sheria nitafaulu, lakini nitakuwa mtu wa huzuni. Sitaki ufike kwa wazee wetu wakuulize, 'Wakili wako yuko wapi?' ukose la kusema."

Mama alitazama dari.

"Nifunikeni," akasema.

"Mama, jamani..."

"Laryea, nimesema nifunikeni! Siwezi kuwaza huku mnanitolea macho."

Tukamfunika. Mnisamehe, lakini mngefanya nini? Tukasimama pande mbili za kitabu, baba na binti. Nilimwonea huruma mwanangu, na bado kicheko kilikuwa kinanipanda.

Ndani kukasikika vidole vinapapasa mbao, taratibu, kona hadi kona. Kisha sauti.

"Laryea! Hizi pembe umefunga wewe?"

"Hapana, Mama."

"Nilijua. Zako huwa zinaingiza mwanga. Humu kuna giza safi kabisa."

Yaani mama yangu alinitukana kutoka ndani ya jeneza. Sikujali hata kidogo, kwa sababu Lamiley alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, anacheka.

Mbao ikagongwa kutoka ndani. Ngo, ngo.

"Wewe mtoto! Mimi sipandi tena kwenye kitabu hiki, mimi si mwongo. Kwa hiyo jeneza langu la kweli utanichongea wewe, kwa mkono wako, ukishahitimu. Siyo kabla. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Huko Kumasi mnasoma muda gani?"

"Kuna stashahada ya miaka miwili, na kuna shahada ya miaka minne."

Vidole vikagongagonga mbao kana kwamba vinahesabu.

"Miwili ya nini, unakimbizwa? Chukua minne. Na baada ya hiyo minne, hakuna nyingine juu yake?"

"Ipo, Bibi. Uzamili."

"Nayo utasoma. Nifunueni, kuna joto."

Alitoka humo anang'aa kama bibi harusi. Asubuhi ya safari alimwaga maji mlangoni na kuomba kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, kwamba mjukuu wake aende salama, asome vizuri, na asifanye haraka.

Kitabu Lamiley alikikata kabla ya kuondoka, akakisimamisha wima na kukitia rafu. Sasa ni kabati la kenke kibandani kwa mama, mizani ikitazama barabarani. Anayelalamika kwamba donge ni dogo huonyeshwa mizani ile, anyamaze.

Na kila likizo Lamiley akirudi, mama humkalisha kando ya kabati, humwekea kenke mbili, samaki na pilipili, kisha humuuliza.

"Fundi wangu, umemaliza?"

"Bado, Bibi."

"Vizuri sana. Kula."