Nipe Mji

Usingizi unanichukua jukwaani, mchana kweupe, mume wangu akiwa saa ya tatu ya hotuba yake. Miwani nyeusi inanisitiri. Miaka ishirini na mitatu ya kuitwa Mama wa Taifa imenifundisha kulala nimekaa wima. Nimechoka, jamani. Mwezi mzima ananiuliza neno moja, chai ikiwa mezani: Mdogo wako Msabaha yuko wapi? Nami namjibu, Sijui, Baba Salha. Na ninajua. Amejificha kwetu Mwangazi, katika nyumba aliyotuachia mama, na akipatikana atanyongwa kwa barua ya lawama aliyomwandikia shemeji yake, huyu mume wangu. Basi nalala, jukwaa linakuwa barabara, barabara inazaa barabara, natembea hadi naingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, na kila nikijitazama namwona mume wangu na sare zake. Mbele yangu amesimama mtu asiye na uso, pale penye uso pamelainika kama sahani. Namwuliza, Njia ya kutokea ni ipi, ndugu yangu? Ananijibu, Kitendawili! Mdomo wangu unajibu wenyewe, Tega. Nyumba yangu kubwa, haina mlango. Nasema, Ikulu. Anacheka hadi anashika mbavu. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, mama, umeshindwa, nipe mji. Desturi ni desturi. Utotoni mimi na Msabaha tuligawa miji tusiyoijua kama karanga. Nampa Kichangani. Nimekwenda Kichangani, anasema, wamenipokea vizuri, jibu lake ni yai. Na nyuma yangu Kichangani inatoweka, watu na vyombo vyao. Kitendawili! Tega. Kila niendako ananifuata. Nasema, Mtu wa usalama. Nipe mji, mama. Nampa Shungi. Nimekwenda Shungi, wamenipokea vizuri, jibu lake ni kivuli. Shungi nayo inakwenda, na sina hata nguvu ya kulia. Kitendawili! Tega, nasema. Mama kanizalia mwanamume, siolewi naye. Hilo nalijua, ni ndugu, liko kwenye ncha ya ulimi. Lakini nikisema ndugu, ataniuliza ndugu yupi, yuko wapi. Nanyamaza, na kwa mara ya kwanza nafurahi. Umeshindwa, mama, nipe mji. Natafuta kichwani miji yote nilikozindua visima na zahanati, yote imenitoka, umebaki mmoja tu, nami nimechoka, nimechoka mno. Mwangazi, nasema.

Nazinduka. Jua, bendera, vipaza sauti. Sijui kama nimesema kwa sauti. Mke wa waziri aliye kando yangu anatazama viatu vyake. Mume wangu amegeuka kunitazama, kisha anawarudia watu. Ndugu wananchi, anasema, nimekwenda Mwangazi, wamenipokea vizuri. Kama bado naota, naomba niamshwe. Nasimama nimwambie kwamba jibu nilikuwa nalijua, anirudishie mji wangu. Watu wanadhani namshangilia. Uwanja mzima unasimama nami.